Mtukutu wa mzinga aliyepindua elimu ya ubongo

Wadau, leo tumkumbuke jamaa mmoja wa Hispania, Santiago Ramón y Cajal, aliyezaliwa mwaka 1852. Utotoni alikuwa mtukutu balaa. Akiwa na miaka 11 alijitengenezea mzinga, akalipua geti la jirani, akatupwa lupango. Yeye alitaka kuchora tu. Mzee wake, ambaye ni daktari, hakutaka hata kusikia. Akampeleka kwa kinyozi, kisha kwa fundi viatu, apate adabu. Mwishowe kijana akasomea udaktari, lakini penseli hakuiacha.

Mwaka 1887 pale Madrid alionyeshwa vipande vya ubongo vilivyotiwa rangi kwa mbinu ya Mtaliano Camillo Golgi. Uzuri wa mbinu hiyo ni kwamba inapaka seli chache tu, zinakuwa nyeusi tii, zinaonekana kama mti na matawi yake. Golgi na vigogo wengi waliamini ubongo ni wavu mmoja ulioungana. Cajal akaweka ubongo wa ndege wachanga kwenye hadubini, akachora, akaona kitu kingine: matawi yanasogeleana, hayaungani! Kila seli inajitegemea.

Nani amsikilize? Mwaka 1888 akaanzisha jarida kwa hela yake mwenyewe. 1889 akafunga safari mpaka Berlin na vioo vyake, akawaita wakubwa waje kuchungulia. Mjerumani Kölliker, Mswisi kwa kuzaliwa, akachungulia, akakubali.

Sehemu hiyo seli zinapokaribiana ilipewa jina la sinapsi mwaka 1897 na Mwingereza Sherrington. Cajal alishahisi tangu 1894 kwamba mazoezi ya akili yanaimarisha viungo hivyo. Na ndugu zangu wa kompyuta, ndipo mnapoingia: katika mitandao ya neva bandia, kila kiungo ni namba tu, inaitwa uzito, na programu inapojifunza ndizo namba zinazobadilishwa. Wamarekani McCulloch na Pitts walianza hesabu za seli hizo 1943.

Kali zaidi ni Nobel ya 1906. Cajal na Golgi walipewa pamoja, na Golgi akatumia hotuba yake kuiponda hoja ya mwenzake! Cajal alifariki Madrid mwaka 1934. Upenyo wenyewe ulikuja kuonekana miaka ya 1950, kwa hadubini ya elektroni.

Haya wadau, Golgi alistahili ile nusu yake au la?