Ronald Fisher, Mtu Aliye Nyuma ya Kitufe

Juzi dada mmoja wa afya ya jamii alinijia na data za tasnifu yake. Wanafunzi walijaza dodoso mara tatu ndani ya mwaka, kuhusu msongo wa mawazo. Msongo hauonekani wala haupimwi kwa rula, unaukisia tu kupitia majibu ya maswali kadhaa. Raundi ya tatu, theluthi ya watu wametoweka. Programu inamuuliza akadirie kwa mbinu gani, naye anabofya tu ile iliyowekwa tayari. Mimi ni mtu wa injinia, lakini aliyeibuni mbinu ile nimemsoma.

Ronald Aylmer Fisher alizaliwa London mwaka 1890. Macho yalikuwa mabovu, akazoea kufanya hesabu kichwani bila karatasi. Mama alifariki yeye akiwa na miaka 14, kisha biashara ya baba ikafilisika. Aliingia Cambridge mwaka 1909 kwa msaada wa masomo. Mwaka 1912, bado mwanafunzi, akachapisha wazo lake: chagua thamani zile ambazo zingezipa data ulizonazo nafasi kubwa kabisa ya kutokea. Mwaka 1922 akalikamilisha, na ndiyo hiyo mbinu ya uwezekano mkubwa kabisa. Mkubwa wa fani wakati huo, Karl Pearson, alikuwa na mbinu yake, wakagombana mpaka mwisho.

Mwaka 1919 Fisher alikwenda kituo cha kilimo cha Rothamsted. Huko alikuta kumbukumbu za ngano za miaka mingi, na mwaka 1921 akachapisha uchambuzi wa vipande 13 vya shamba kwa miaka 67, akitenganisha mabadiliko ya polepole na kupanda na kushuka kwa kila mwaka. Kazi ya kufuatilia watu ni ndugu yake, ila shamba halihami chuo!

Kuipeleka mbinu hiyo kwenye vitu visivyoonekana walifanya wengine: D. N. Lawley mwaka 1940, halafu Karl Jöreskog wa Sweden aliyeifanya ihesabike kwa kompyuta miaka ya 1960.

Basi nikamwambia dada: usiwatupe waliopotea. Mbinu ya Fisher inatumia hata safu zenye mapengo, mradi kupotea kwao kunaelezeka na yale uliyokwisha kuyapima. Kama walioacha ni wale ambao msongo uliwazidi baada ya raundi ya pili, hapo hakuna kitufe cha kukuokoa. Majibu yakiwa ya ngazi mbili au tatu tu, miraba midogo yenye uzito inafaa zaidi, lakini kwenye mapengo huwa inadai masharti makali zaidi. Sampuli ikiwa ndogo, wengi hukimbilia mbinu ya Bayes, ambayo Fisher aliipiga vita kwa miaka mingi.

Sasa sehemu chungu. Kuanzia 1933 alikuwa profesa wa yujeniksi London, yaani elimu ya kuamua nani azae na nani asizae. UNESCO ilipotoa tamko juu ya rangi za watu miaka ya 1950, alipinga, akishikilia kwamba makundi ya binadamu yanatofautiana kiakili kwa kuzaliwa. Jamani, hapo tumo na sisi. Uzeeni alibisha pia kwamba sigara huleta saratani ya mapafu, huku akilipwa ushauri na watengenezaji wa tumbaku. Alifariki Adelaide, Australia, mwaka 1962. Mwaka 2020 chuo chake cha Cambridge kiliondoa dirisha la vioo lililomkumbuka. Mimi naona walifanya sawa, na hesabu zake nazitumia kila wiki.

Dada maswali yake yalikuwa ya ngazi tano. Amekadiria kwa mbinu ya Fisher na watu wote, akarekebisha makosa sanifu kwa kuwa majibu yamelalia upande mmoja, kisha akajaribu ile ya miraba. Majibu yamepishana kidogo. Ameyaweka yote mawili kwenye sura ya nne.