WILL MARION COOK, MPIGA FIDLA

Zitajwapo habari za muziki wa jazi, majina tuyasikiayo ni ya Louis Armstrong na Duke Ellington. Mimi napenda kuwasimulia wasomaji habari za mtu aliyewatangulia hao, ambaye jina lake limesahauliwa na wengi. Naye ni Will Marion Cook, Mmarekani mweusi, mpiga fidla na mtungaji wa muziki.

Alizaliwa mjini Washington tarehe 27 Januari, 1869, miaka mitatu tu baada ya utumwa kukomeshwa katika Marekani. Wazazi wake walikuwa watu wa elimu, na baba yake alikuwa mwanasheria. Baba alifariki Will angali mtoto, na kijana akapelekwa kwa babu yake huko Chattanooga, Tennessee. Huko kusini alisikia nyimbo za watu waliotoka utumwani, nazo hazikumtoka moyoni tena.

Alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi alianza kusomea fidla katika chuo cha Oberlin. Walimu waliona kipaji chake. Frederick Douglass, yule mzee mashuhuri aliyezaliwa mtumwa akawa mtetezi wa watu wake, alisaidia kumchangishia nauli na karo, na Cook akaenda Berlin, Ujerumani, katika chuo kilichoongozwa na Joseph Joachim, bingwa wa fidla wa zama zile.

Aliporudi kwao alikuta milango imefungwa. Okestra kubwa za Marekani hazikuwachukua watu weusi, hata wawe hodari namna gani. Wanamuziki waliomfuata husimulia kwamba siku moja gazeti lilimsifu kuwa ndiye mpiga fidla mkubwa kuliko wote wa watu weusi. Cook alimwendea mwandishi akakana sifa hiyo, kwa kuwa yeye alitaka kupimwa na wapiga fidla wote wa dunia. Kisha akaivunja fidla yake vipande vipande. Kisa hiki chaonyesha jinsi alivyoumia.

Baadaye alisoma New York katika chuo ambacho mkuu wake alikuwa Antonín Dvořák, mtungaji kutoka Bohemia. Dvořák alifundisha kwamba nyimbo za watu weusi zafaa kuwa msingi wa muziki mkubwa wa Marekani. Cook alikuwa amezijua nyimbo hizo tangu Chattanooga. Basi akaamua kutunga kwa mapigo ya watu wake na kwa elimu ya Berlin.

Mwaka 1898 yeye na mshairi Paul Laurence Dunbar walitunga mchezo wa nyimbo uitwao Clorindy, kwa usiku mmoja. Mama yake aliposikia nyimbo zile alilia, maana alikuwa amemsomesha mwanawe ili awe bingwa wa muziki wa Ulaya. Mchapishaji mmoja naye alimwona mwenda wazimu kudhani kwamba wazungu wa Broadway wangesikiliza kazi kama hiyo. Lakini tarehe 5 Julai mchezo ulionyeshwa juu ya dari la Casino Theatre. Cook aliposimama mbele ya wapigaji, watazamaji walikuwa kama 50 tu. Watu waliokuwa wakitoka katika onyesho la chini walisikia sauti za waimbaji, wakapanda mbio, na mara pakajaa pomoni.

Mwaka 1903 ulifuata mchezo mkubwa zaidi, In Dahomey, uliotungwa na kuchezwa na watu weusi. Ulivuka bahari mpaka London, ukachezwa hata katika jumba la mfalme. Mwaka 1919 Cook alirudi London na kundi lake, Southern Syncopated Orchestra. Mpigaji wake mmoja alikuwa kijana Sidney Bechet, fundi wa klarineti. Ernest Ansermet, kiongozi wa okestra kutoka Uswisi, aliwasikia akaandika makala ya kuwasifu sana, wakati ambapo wasomi wengi wa muziki waliidharau jazi.

Aliporudi New York alimfundisha Duke Ellington, ambaye hakupita chuo cha muziki. Darasa lao lilikuwa ndani ya teksi ikizunguka Central Park. Ellington alitoa sauti ya wimbo, na Cook akamwonyesha njia za kuukuza. Alimhimiza ajifunze kwanza kanuni, kisha aifuate nafsi yake.

Cook alifariki New York tarehe 19 Julai, 1944. Mwanawe, Mercer Cook, alikuwa balozi wa Marekani katika Niger na Senegal miaka ya 1960.

Wenzangu, wako miongoni mwetu wanaoona haya kuimba nyimbo za bibi zao mbele ya wenziwe, wakidhani aliyesoma hana budi kuziacha. Cook alisoma kuliko wengi wa zama zake, na elimu ile ndiyo aliyoitumia kuzipandisha nyimbo za kwao mpaka zikasikika katika jumba la mfalme. Mwacha asili ni mtumwa.