D. N. Pritt: Wakili wa London katika Kesi Iliyogusa Kanda ya Ziwa

Mwezi Julai 1958 ilianza kusikilizwa jijini Dar es Salaam kesi ya jinai iliyofuatiliwa na Tanganyika nzima. Mshtakiwa alikuwa Julius Kambarage Nyerere, Rais wa TANU. Alidaiwa kuwakashifu Mabwana Shauri wawili, mmoja wao wa Musoma, kwa makala aliyoiandika katika jarida la Sauti ya TANU akiwatuhumu kutumia madaraka yao vibaya. Aliyesafiri kutoka London kuongoza utetezi alikuwa Denis Nowell Pritt, wakili mwenye umri wa miaka 70.

Kesi hiyo ilikuja wakati Jimbo la Ziwa, lililojumuisha Musoma, Mwanza, Geita na Shinyanga, likiwa katika msukosuko. Tangu mwaka 1954 TANU ilikuwa imenyimwa nafasi ya kufanya kazi katika sehemu kubwa ya Usukuma. Mwaka huohuo wa 1958 wananchi wa Geita walilipinga baraza la wilaya la watu wa rangi zote, lililoundwa kwa uamuzi wa serikali ya kikoloni, wakaandamana hadi Mwanza kupeleka malalamiko yao. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi. Katika mazingira hayo, swali la iwapo Mwafrika anaweza kuandika hadharani kwamba Bwana Shauri amekosea lilikuwa zito kuliko jarida lenyewe.

Pritt alizaliwa London Septemba 22, 1887, akasoma Winchester na Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1909 akapokelewa kuwa wakili wa mahakamani. Kwa miaka 18 alikuwa katika daraja la mawakili wa chini, hadi alipopewa hadhi ya Wakili wa Mfalme mwaka 1927. Katika utaratibu wa Uingereza, wakili wa mahakamani hakufungwa na upande mmoja. Leo aliweza kukabidhiwa jalada la mashtaka, kesho la utetezi. Wakili wa chini ndiye aliyepanga nyaraka, kupima ushahidi na kumwandalia hoja wakili mwandamizi. Kazi hiyo humzoesha mtu kuitazama kesi kwa jicho la mpinzani wake kabla ya kusimama mbele ya hakimu.

Umaarufu wake ulivuka mipaka ya Uingereza mapema. Mwaka 1932 alishughulikia rufaa ya Ho Chi Minh, aliyekuwa amekamatwa Hong Kong, na shauri hilo likamalizika kwa makubaliano yaliyomwezesha mwanamapinduzi huyo kuondoka. Mwishoni mwa mwaka 1952 alifika Kenya kumtetea Jomo Kenyatta na wenzake watano huko Kapenguria. Mahakama iliwekwa mahali pa mbali kiasi kwamba mawakili walilala Kitale na kusafiri kila siku kwenda kusikiliza shauri. Miongoni mwa waliosimama pamoja naye alikuwa Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya kazi ya uwakili Moshi. Aprili 1953 Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Pritt mwenyewe alishtakiwa kwa kuidharau mahakama, akaachiwa.

Hata hivyo, maisha yake hayakukosa doa. Akiwa mbunge wa Hammersmith Kaskazini tangu mwaka 1935, aliandika kuunga mkono kesi za Moscow za mwaka 1936 na kuziona za haki, ilhali historia imethibitisha kwamba watu walihukumiwa kwa maungamo ya kulazimishwa. Mwaka 1940 Chama cha Labour kilimfukuza kwa kuunga mkono uvamizi wa Urusi ya Kisovieti nchini Finland. Aliyedai ushahidi wa kweli katika mahakama za kikoloni hakuudai kwa uzito uleule huko Moscow.

Dar es Salaam alifanya kazi bega kwa bega na mawakili wa hapahapa, Mahmud Rattansey na Kanti Jhaveri. Mzigo wao haukuwa mwepesi. Katika shtaka la kashfa ya jinai, haikutosha mshtakiwa kuamini alichoandika. Ili utetezi wa ukweli ukubalike, ilipasa kuonyesha kwamba maneno hayo yalikuwa ya kweli na kwamba kuyachapisha kulikuwa kwa manufaa ya umma. Hivyo vitendo vya watawala wa wilaya, ambavyo kwa kawaida havikuhojiwa na mtu, vilijadiliwa waziwazi mahakamani.

Agosti 1958 Hakimu Mkazi alimtia Nyerere hatiani, akampa hiari ya kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita. Faini ililipwa, na kiongozi huyo akabaki huru wakati chama chake kikielekea kwenye uchaguzi ulioanza Septemba mwaka huohuo. Kwa hesabu ya mahakama, Pritt alishindwa. Kwa hesabu ya Taifa, Tanganyika haikumpoteza kiongozi wake katika saa ya uamuzi, na miaka mitatu baadaye, Desemba 9, 1961, ikapata uhuru.

Pritt alifundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Ghana kati ya mwaka 1965 na 1966, akafariki dunia Mei 1972 akiwa na umri wa miaka 84.

Kanuni aliyoisimamia Dar es Salaam leo imo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Ibara ya 13(6) inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla ya hatia kuthibitishwa. Mkazi wa Shinyanga au mchimbaji mdogo wa Geita anayeshtakiwa kwa mauaji bila uwezo wa kuajiri wakili hupangiwa mmoja kwa gharama za Serikali, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo katika mashauri mengine. Upande wa pili, mwendesha mashtaka naye hubeba wajibu wa kuthibitisha shtaka pasipo kuacha shaka. Mizani ya haki hukamilika pale pande zote mbili zinapokuwa na mtu anayejua kazi yake.