Kyu Sakamoto: Aliyeivika Huzuni Nguo ya Furaha

Katika miji ya Japani, kazi zikisha jioni, ni desturi ya wanaume wa ofisi moja kwenda pamoja kwenye vyumba vya karaoke. Humo mna mashine itoayo muziki usio na sauti ya mwimbaji, maneno ya wimbo hupita kwenye kioo kama cha televisheni, na kila mtu, awe na sauti ya chiriku au ya chura, hupewa kipaza sauti aimbe. Jina lenyewe, karaoke, maana yake ni okestra tupu. Hapo ndipo mtu anapoona taabu ya kuchagua. Akiimba wa majonzi, atawapoza wenzake. Akishika wa vijana, pumzi zitamwisha. Akiimba wa mapenzi mazito mbele ya mkubwa wake wa kazi, ataona haya. Anataka wimbo mchangamfu, usiopanda juu mno, unaojulikana na wote wakaweza kuitikia. Wengi wa makamo, wakifika hapo, humkumbuka marehemu mmoja: Kyu Sakamoto.

Huenda jina hili ni geni kwako, ewe msomaji, lakini sauti yake yamkini umeisikia redioni, kwani wimbo wake mmoja umeizunguka dunia tangu mwaka 1963. Maisha yake yana fumbo ambalo sisi watu wa mashairi hatuna budi kulitazama: vipi huzuni ikachezeka?

Sakamoto alizaliwa tarehe 10 Desemba 1941 katika mji wa Kawasaki, siku chache tu baada ya Japani kuingia vitani na Marekani. Alikuwa kitinda mimba wa watoto tisa, na jina lake liliandikwa kwa alama ya tisa, ambayo husomwa Hisashi, na pia Kyu. Vita vilipozidi, mama yake aliwachukua watoto akawapeleka Kasama, kwa wazee wake, mbali na mabomu. Walirudi Kawasaki amani ilipopatikana, nchi imeungua na watu hawana kitu.

Kijana huyu alikulia baina ya sauti mbili. Nyumbani alizisikia nyimbo za kale za Kijapani alizozipenda mama yake, na nje zilikuwako nyimbo za Kimarekani zilizoingia pamoja na majeshi, na mapenzi yake yakawa kwa Elvis Presley. Mwaka 1958, hajatimiza miaka 17, alijiunga na bendi ya The Drifters, na baada ya muda mfupi akahamia kundi la Danny Iida na Paradise King. Uso wake ulikuwa na chunjua za ujana, wala hakuwa na sura ya wale waigizaji wa sinema. Lakini alikuwa na tabasamu, na watu walimpenda kwa tabasamu hilo.

Wimbo wake wa kwanza kuvuma, wa mwaka 1960, una nasaba na watu wetu. Ni ule ule Mustafa wa Misri, uliokuwa ukiimbwa kwa Kiarabu kilichochanganywa na Kifaransa na Kitaliana, na ambao Bob Azzam aliueneza Ulaya. Mtungaji Yukio Aoshima, ambaye baadaye sana alikuwa gavana wa Tokyo, aliutilia maneno ya Kijapani. Akaufanya kisa cha maskini mmoja wa Uturuki aliyempenda kijakazi, asiwe na fedha za kumkomboa, akafanya kazi hata akatajirika, na alipotazama alikuwa ameshatimia miaka 60. Kisa ni cha kuliza, lakini ngoma yake ni ya kuinua mabega. Tangu hapo Sakamoto aliijua njia yake.

Mwaka 1961 ndipo ulipokuja wimbo mkubwa, Ue o Muite Aruko, yaani tutembee tukitazama juu. Lahani ilikuwa ya Hachidai Nakamura na maneno ya Rokusuke Ei. Ei alikuwa miongoni mwa watu waliouandamania mkataba wa ulinzi baina ya Japani na Marekani mwaka 1960. Maandamano yalishindwa, mkataba ukapita, naye akarudi na uchungu moyoni. Akauandika uchungu ule bila kuitaja siasa hata kidogo: ni mtu anayetembea usiku peke yake, ameinua uso ili machozi yasimdondoke. Mwenye kufiwa atadhani ni wake, na aliyeachwa na mpenzi vile vile.

Sakamoto alipouimba mara ya kwanza, Ei alikasirika. Kijana aliyavuta maneno, akazikatakata silabi na kuzirusharusha kama afanyavyo Elvis, hata mtunzi akaona kwamba utungo wake unafanyiwa mzaha. Mimi, kama mtunga mashairi, namfahamu sana Ei. Tumeshawasikia waimbaji wa taarabu wakiivuta silabi moja hata kituo kikapotea, na mwenye shairi amekaa pembeni anasaga meno. Lakini kwa haya ya Sakamoto, nasema mtunzi hakuwa na haki. Lau wimbo ule ungaliimbwa kwa kilio, wangaliusikiliza wenye msiba tu. Sakamoto aliuimba kwa mwendo wa mtu atembeaye, akautilia na mluzi, na hivyo mwanamume aonaye haya kulia mbele za watu akapata njia ya kusema lililomo moyoni.

Ulipofika Uingereza, bendi ya Kenny Ball iliupiga bila maneno, na wenye sahani wakaona jina lake ni gumu, wakauita Sukiyaki, ambacho ni chakula cha nyama ya ng'ombe. Ni kama utenzi wetu wa maombolezo upelekwe ng'ambo ukaitwe Biriani! Hata hivyo, kwa jina hilo la jikoni, sahani ya Sakamoto mwenyewe, kwa Kijapani kitupu, ilishika nafasi ya kwanza Marekani mwezi Juni 1963, ikakaa hapo wiki tatu. Miaka 18 baada ya vita, Wamarekani waliupenda wimbo wasioufahamu hata neno. Hakuna wimbo mwingine wa Kijapani uliofika hapo hadi leo.

Akaendelea. Mwishoni mwa mwaka 1963 aliimba Ashita ga Aru Sa, kisa cha kijana mwenye haya ambaye kila siku anashindwa kumsemesha msichana, akajipa moyo kwamba kesho ipo. Mwaka 1964 aliimba wimbo wa kupiga makofi ukiwa na furaha, ambao mwanafunzi mmoja wa Kijapani aliuokota Ufilipino, na ambao hata watoto wetu wa chekechea wanao kwa maneno yao. Mwaka 1971 alimwoa mwigizaji Yukiko Kashiwagi, wakajaaliwa mabinti wawili. Umaarufu ulipopungua hakununa. Alifanya kazi za televisheni, na alijitolea sana kwa ajili ya walemavu.

Tarehe 12 Agosti 1985, katika msimu wa Obon, Wajapani wanaporudi makwao kuwakumbuka wazee wao waliokufa, Sakamoto alipanda ndege kutoka Tokyo kwenda Osaka. Ndege ile iliwahi kuumia mkiani mwaka 1978, na haikutengenezwa sawasawa. Ukuta wa nyuma ulipasuka ikiwa angani, usukani ukafa, nayo ikatangatanga kwa muda wa nusu saa kabla ya kuanguka milimani, huku baadhi ya abiria wakiwaandikia jamaa zao barua za kuagana. Watu 524 walikuwamo. Waliopona ni wanne. Sakamoto hakuwa miongoni mwao. Alikuwa na miaka 43.

Wajapani walimlilia, na walipotafuta wimbo wa kumlilia hawakupata uliofaa kuliko ule wake mwenyewe. Mwaka 2011, bahari ilipopanda nchi kavu na kuchukua maelfu ya watu, waliuimba tena. Wanajimu nao wamekiita kijisayari kimoja kwa jina lake.

Basi yule mwanamume wa karaoke, anaposhika kipaza sauti na kuchagua wimbo wa Sakamoto, wenzake humpigia makofi wakidhani anachangamsha baraza tu. Huenda ni hivyo. Na huenda amefiwa na mama yake mwezi uliopita, na hajapata pengine pa kulisema hilo.