Majina Aliyoyaahidi Kipling

Mtu atokaye Changamwe kuja kisiwani, akishavuka Makupa na kuteremka Mwembe Tayari, hana mwendo mrefu kufika zilipo zile sanamu za shaba za askari na wapagazi. Wenyeji tumezizoea mno hata hatuzitazami. Wanafunzi wangu wanajua kuwa ni ukumbusho wa Waafrika waliotumikia na kufa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Wasilolijua wengi wao ni kwamba maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa pale yalitungwa na Rudyard Kipling, na kwamba maneno hayo yako pia kwenye sanamu za Nairobi na Dar es Salaam. Napenda leo kuyasimulia maisha ya mtu huyo, maana pasipo kuyajua, maandishi yale husomeka nusu tu.

Kipling alizaliwa Bombay, mji ambao sasa huitwa Mumbai, tarehe 30 Desemba 1865. Baba yake alikuwa mwalimu wa sanaa. Mtoto alilelewa na yaya na watumishi wa Kihindi, na lugha aliyoifikiria na kuiota ilikuwa Kihindustani. Alipopelekwa mbele ya wazazi wake ilibidi akumbushwe aseme Kiingereza. Sisi wa taaluma ya lugha hatuwezi kulipita jambo hili hivi hivi. Mtu aliyekuja kuwa sauti ya dola ya Kiingereza duniani alianza kunena kwa ulimi wa watawaliwa. Mwaka 1871, hajatimiza miaka sita, yeye na dada yake walipelekwa Uingereza wakaachwa katika nyumba ya watu wasiowajua, huko Southsea. Alikaa humo zaidi ya miaka mitano, akipigwa na kudhalilishwa, na machungu ya nyumba ile hayakumtoka maisha yake yote.

Mwaka 1882 alirudi India, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, akaajiriwa na gazeti mjini Lahore. Huko alijifunza kusikiliza namna watu wanavyosema, hasa askari wa kawaida wa Kiingereza, mtu wa chini ambaye waandishi wa wakati huo hawakumthamini. Mashairi yake ya askari, yaliyotoka kitabuni mwaka 1892, yalimpa jina kubwa. Yakafuata The Jungle Book mwaka 1894 na Kim mwaka 1901. Mwaka 1907 alipewa Tuzo ya Nobeli ya fasihi, wa kwanza miongoni mwa waandishi wa Kiingereza, naye ana miaka arobaini na mmoja tu. Hakuna aliyeipata tuzo hiyo ya fasihi akiwa na umri mdogo kuliko huo.

Lakini mtu huyu ndiye aliyetunga, mwaka 1899, shairi la kuwahimiza Wamarekani waitwae Ufilipino, akiuita ukoloni mzigo ambao Mzungu hana budi kuubeba kwa ajili ya watu aliowaona kuwa nusu mashetani na nusu watoto. Walimu wenzangu wasijaribu kulipamba shairi hilo darasani. Ni shairi la dharau, na ustadi wake unaizidisha dharau hiyo nguvu. Mwezi mmoja tu baada ya kuchapishwa kwake, Machi 1899, binti yake wa kwanza, Josephine, alifariki New York kwa homa ya mapafu akiwa na miaka sita. Baba naye alikuwa mahututi kwa maradhi hayo hayo, hata ikabidi afichwe habari hizo kwa muda.

Vita vilipozuka mwaka 1914, alikuwa na mwana mmoja wa kiume, John. Kijana huyu alikuwa na macho mabovu sana, na majeshi yalimkataa. Baba hakukubali. Alimwendea rafiki yake mkubwa, Lord Roberts, jemadari mstaafu, na kwa upendeleo huo John akapata nafasi katika kikosi cha Irish Guards. Tarehe 27 Septemba 1915, katika mapigano ya Loos huko Ufaransa, alipotea. Alikuwa ametimiza miaka kumi na minane mwezi uliotangulia. Baba na mama walizunguka kwa muda mrefu wakiwahoji majeruhi waliokuwa naye, wakitaka kujua alionekana wapi mara ya mwisho. Mwili haukupatikana. Kipling alikufa pasipo kujua kaburi la mwanawe.

Kwa hiyo mwaka 1917 ilipoundwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Uingereza, mtu mwenye msiba huu aliitwa awe mshauri wake wa maneno. Ndiye aliyechagua, kutoka katika Biblia, usemi unaochongwa kwenye mawe makubwa ya makaburi hayo, ule unaoahidi kuwa majina ya waliokufa yataishi milele. Ndiye pia aliyetoa maneno ya kuandikwa juu ya kaburi la askari asiyetambulikana, kwamba Mungu anamjua. Tume ilijiwekea sharti kwamba wote watakumbukwa sawa, bila kujali cheo, rangi wala dini. Kila mtu jiwe lake lenye jina, na asiye na kaburi jina lake liandikwe ukutani. Huko Loos ukuta ulijengwa wenye majina zaidi ya 20,000, na la John likiwamo.

Sasa tuje kwetu. Vita hivyo vilipiganwa pia Taveta, Tanga, Mahiwa, na hadi Msumbiji. Askari wa Keya walipigana, lakini waliobeba vita hasa ni wapagazi, maana katika nchi yenye mbung'o wanyama wa mizigo walikufa, na mzinga, risasi na unga vikawekwa vichwani mwa watu. Dola ya Uingereza ilikusanya wapagazi wapatao milioni moja katika sehemu hii ya Afrika. Waliokufa wanakadiriwa kuwa si chini ya 95,000, wengi wao kwa kuhara damu, homa ya mapafu na njaa kuliko kwa risasi. Majina ya mitaa ya Kariakor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam yametokana na kikosi chao. Reli iliyosafirisha shehena za vita kutoka bandari ya Kilindini ilipita Changamwe kuelekea Voi, na kutoka Voi ikajengwa njia ya kijeshi kwenda upande wa Taveta. Nyuma ya Changamwe, kwa Wagiriama waliokuwa wamegoma kutoa vijana wao, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti Agosti 1914, mwezi ule ule vita vilipoanza. Na miongoni mwa masharti ya amani waliyowekewa ni kutoa watu wa kazi. Mwaka 1917 ukafuata msako wa wapagazi katika nchi nzima.

Tume ilipofika kwa watu hawa, sharti la usawa lilikoma. Maafisa wa Kizungu walipata mawe yenye majina. Kwa Waafrika ilionekana sanamu chache za jumla zatosha. Kipling si yeye aliyeamua hivyo, na haki yake tumpe. Ila maneno ya kuufunika uamuzi huo ndiye aliyeyatoa.

Tuyatazame maneno yenyewe, kwa jicho la sarufi. Sehemu ya kwanza yataja askari wenyeji, wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wote waliokufa kwa ajili ya mfalme na nchi yao. Mfalme yupi, na nchi ipi? Mwaka 1914 mtu wa Changamwe alikaa katika mwambao ambao kisheria ulikuwa wa Sultani wa Unguja. Kisha maandishi yanahama ghafla kutoka nafsi ya tatu kwenda nafsi ya pili, na kutoka wakati uliopita kwenda sharti: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Aambiwaye hapa si marehemu. Sharti husemwa kwa aliye hai, ambaye bado anaweza kuitika au kukataa, kwa hiyo sentensi hii yanuka kidogo harufu ya kuandikisha jeshi jipya. Na mtendaji wa kitenzi cha kukumbuka ni nani? Si mfalme, wala si Tume. Ni wana. Ulaya kazi ya kukumbuka ilipewa jiwe na hazina ya serikali. Huku ikaachiwa watoto wa marehemu, ambao wengi hawakuambiwa hata baba zao walifukiwa wapi.

Kipling alifariki tarehe 18 Januari 1936, siku mbili kabla ya mfalme George V, na majivu yake yakazikwa Westminster Abbey. Mwaka 1992 Tume ilitangaza kuwa imelitambua kaburi la John, ikaliwekea jina. Wako wataalamu waliolipinga jambo hilo, lakini Tume imeshikilia. Aprili 2021 Tume hiyo hiyo ilikiri katika ripoti kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Januari 2025 ukumbusho ulizinduliwa Cape Town wenye majina zaidi ya 1,700 ya watu wa vikosi vya kazi, wengi wao Waafrika weusi. Ukumbusho wetu wa Mombasa bado hauna hata moja.

Nimewapa wanafunzi wangu wa Changamwe, Rabai na Mariakani zoezi la kuwauliza wazee nyumbani majina ya waliokwenda Kariakoo. Wengi hurudi na hadithi isiyo na mwenyewe: babu fulani alichukuliwa, hakurejea. Mmoja alileta jina kamili, la babu wa babu yake, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyepewa alirithi, kama ilivyo desturi. Hajui alikofia.