Waksman: Mtaalamu wa udongo aliyebadili tiba ya kifua kikuu

HADI mwanzoni mwa miaka ya 1940, mgonjwa wa kifua kikuu hakuwa na dawa ya kuviangamiza vijidudu vya maradhi yake. Alilazwa, akapewa hewa safi na chakula bora, kisha akangojea kudra.

Aliyepewa sifa kubwa ya kuigeuza hali hiyo hakuwa daktari, bali mtaalamu wa udongo, Selman Waksman.

Alizaliwa Julai 22, 1888 huko Nova Pryluka, katika nchi ambayo leo ni Ukraine, enzi hizo ikiwa chini ya himaya ya Urusi. Akiwa kijana wa Kiyahudi aliyewekewa vikwazo vya elimu ya juu kwao, alihamia Marekani mwaka 1910. Alisomea kilimo Rutgers, New Jersey, akapata shahada ya uzamivu California mwaka 1918, kisha akarejea Rutgers kufundisha.

Kwa miaka zaidi ya 20 alichunguza viumbe wadogo wa ardhini, wakiwamo wale wanaoupa udongo ile harufu yake mvua inaponyesha. Viumbe hao hugombea chakula, na baadhi yao hutoa kemikali zinazowazuia majirani kustawi. Mwaka 1939 aliyekuwa mwanafunzi wake, René Dubos, alionyesha kuwa kemikali ya namna hiyo yaweza kuua bakteria wa maradhi. Tangu hapo Waksman aliielekeza maabara yake yote huko.

Matunda ya kwanza, aktinomisini ya mwaka 1940, yalikuwa sumu kali mno, ingawa baadaye dawa hiyo ilikuja kutumika dhidi ya baadhi ya saratani.

Oktoba 1943, mwanafunzi Albert Schatz, akifanya kazi katika chumba cha chini ya jengo, aliipata streptomisini. Majaribio ya Uingereza yaliyotangazwa mwaka 1948 yalionyesha kuwa katika miezi sita walifariki wagonjwa wanne kati ya 55 waliopewa dawa hiyo, huku wakifariki 14 kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu. Hata hivyo, vijidudu vilianza kuizoea, na baadhi ya wagonjwa walipata kizunguzungu. Ikalazimu ichanganywe na dawa nyingine.

Wakulima wa matofaa na mapeasi nao waliichukua, kupambana na bakteria wanaokausha maua na matawi kana kwamba yameunguzwa kwa moto.

Doa liliingia kwenye hesabu ya fedha na sifa. Schatz alikuwa amesaini kuachia haki zake za ugunduzi, kisha akabaini kuwa mwalimu wake anapokea mgawo wa mauzo. Alikwenda mahakamani mwaka 1950, na mwaka huo huo shauri likamalizwa kwa maafikiano: Schatz akatambuliwa kuwa mgunduzi mwenza na kupewa asilimia tatu ya mrabaha.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1952, hata hivyo, ilikwenda kwa Waksman peke yake. Ni vigumu kuuona uamuzi huo kuwa wa haki kamili, japo bila mpango wa utafutaji aliousuka Waksman, Schatz asingekuwa na pa kuanzia.

Fedha za dawa hiyo zilijenga taasisi ya mikrobiolojia Rutgers, iliyofunguliwa mwaka 1954 na ambayo sasa ina jina la Waksman. Alifariki Agosti 16, 1973. Schatz alitunukiwa medali na chuo hicho mwaka 1994.