Maisha ya Semei Kakungulu: Chakula na Utakatifu

Hapa Kampala tunaulizwa mara nyingi: Mkristo anaweza kula kitimoto? Na kambare, samaki asiye na magamba? Tuangalie maisha ya mtu wa Uganda aliyelichukua swali hilo kwa uzito.

Semei Kakungulu alizaliwa Kooki karibu mwaka 1869. Akawa jemadari wa Buganda, tena Mprotestanti. Kuanzia mwaka 1899 aliwatiisha watu wa mashariki, akajenga Mbale, akitumaini Waingereza watamfanya mfalme. Hawakumfanya. Mwaka 1906 walimpeleka Busoga kuongoza baraza, na mwaka 1913 akarudi Mbale akiwa amevunjika moyo.

Alijiunga na Wamalaki, walioshika Sabato na kukataa dawa za hospitali. Mwaka 1919 aliona Torati inaagiza tohara. Wenzake wakamwonya kwamba akitahiriwa atakuwa Myahudi. Akakubali, akatahiriwa pamoja na wanawe, na jamii ya Abayudaya ikaanza. Mwaka 1920 Myahudi aitwaye Yosef alikaa nao miezi kadhaa, akawafundisha sikukuu na sheria za chakula.

Kakungulu alifariki mwaka 1928 bila ufalme. Wakati wa Idi Amin, miaka ya 1970, dini yao ilipigwa marufuku. Wengi waliiacha, wachache wakaishika kwa siri. Hata leo wapo karibu na Mbale.

Sisi hatumfuati katika yote. Dawa tunakunywa. Maono ya Petro kule Yafa tunayajua, na Warumi 14 inatukataza kuhukumiana kwa sababu ya chakula. Lakini Walawi 11, baada ya kutaja wanyama wote wale, inamalizia kwa wito wa utakatifu. Mungu aliuweka utakatifu ndani ya sufuria, mahali tunapofika kila siku.

Wapendwa, nchi aliyoiteka Kakungulu kwa bunduki haikubaki mkononi mwake. Alichofundisha mezani kimebaki. Nasi tumeacha mashamba, nyumba na ng'ombe, lakini meza yetu hakuna aliyeichukua. Basi tujiulize: posho hii tumeipata kwa haki? Jirani amelala njaa? Tumemshukuru Mungu? Anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu ndugu yake.

Bwana abariki meza zenu. Amina.